Ulinganisho: maboksi, begi moja au kuchambua kimoja kimoja, ipi inakuonyesha vitu unavyovihitaji kweli?

mzigo_mwepesi:
Wakuu habari zenu. Kazi imenifanya niishi na begi moja kwa muda mrefu, vitu vyangu vingine vyote viko stoo, na sasa narudi kwenye nyumba kamili. Kilichonishangaza ni kwamba tivii, viatu vya kutokea na ule mrundo wa vyombo sijavikumbuka hata kidogo, ila mto wangu, kisu kikali na taa ya kusomea nimeviwaza karibu kila siku. Sasa kabla sijafungua stoo nataka kujua kwa mliojaribu, ipi inasema ukweli zaidi: kufungia kila kitu kwenye maboksi afu unatoa unachohitaji tu, kuishi na begi kama mimi, au kukaa chini na kuchambua kitu kimoja kimoja?

boksi_la_chini:
Mi naipigia debe ya maboksi. Hujauza wala hujagawa, ukigundua unakitaka unafungua boksi, yameisha. Ila andika kwa nje kilichomo na tarehe uliyofunga, bila hivo utafungua maboksi yote kutafuta chaja moja na hapo ndo kila kitu kinarudi sebuleni. Afu toa betri kwenye rimoti na tochi kabla hujafunga, zikikaa sana zinavuja na kula vyuma vya ndani. Laptop na simu ya akiba zisikae zimeisha chaji wala zimejaa, karibu nusu inatosha. Nguo na karatasi zikauke vizuri kwanza, unyevu ukibaki humo utakuta ukungu.

Bibie_K:
Kuchambua kimoja kimoja ndo dhaifu kuliko zote. Mwaka 1990 watafiti Kahneman, Knetsch na Thaler walichapisha majaribio, baadhi ya watu walipewa vikombe wengine hawakupewa, wakaulizwa bei. Waliopewa walitaka zaidi ya mara mbili ya kile ambacho wenzao walikuwa tayari kulipa, na kikombe ni kilekile, tena wamekaa nacho muda mfupi tu! Sa fikiria koti ulilokaa nalo miaka, ukishalishika tu lishapanda thamani. Kukaa mbali na vitu kunakusaidia kwa sababu hiyo. Kama huna budi kuchambua, usijiulize "nikitoe?", jiulize kama usingekuwa nacho leo ungetoka kwenda kukitafuta.

fundi_mstaafu:
Dada Bibie hilo swali nimelipenda, ila mi sikubaliani na begi kuwa hakimu wa kila kitu. Begi linakuambia unachotumia kila siku, basi. Halikuambii chochote kuhusu sanduku la huduma ya kwanza, mtungi wa kuzimia moto, vyeti vya kuzaliwa, miwani ya akiba. Hivyo unaweza kukaa navyo miaka hujavigusa na ukahukumu kwamba havina kazi, kumbe siku vinapohitajika hakuna muda wa kwenda kuazima. Drili ya umeme nayo inaguswa mara chache vilevile lakini ile unaazima, ukuta unaweza kusubiri mpaka kesho. Kwa hiyo usiangalie tu umekitumia mara ngapi, angalia ukikikosa siku hiyo nini kinatokea.

mzigo_mwepesi:
Mkuu fundi hapo umenigusa, vyeti nilikuwa navyo begini ila huduma ya kwanza sikuwa nayo kabisa na sikuiwaza. Na vipi barua na picha za zamani? Hazina matumizi yoyote lakini ndo nilizoziwaza usiku.

chumba_kimoja:
Kama umeziwaza usiku jibu unalo tayari, baki nazo. Picha zipige nakala uhifadhi sehemu mbili tofauti maana diski zinakufa bila taarifa, ila barua yenye mwandiko wa mtu usiitupe eti kwa sababu umeiskani, mwandiko kwenye karatasi aliyoishika yeye ni kitu kingine kabisa. Mi nimezipa kumbukumbu boksi moja lenye mfuniko, likijaa nachagua. Afu kitu ambacho watu hawasemi, mnaoishi na familia chambua vya kwako tu. Mtoto ukimgawia mwanasesere wake bila kumuuliza atakumbuka muda mrefu sana, na mwenzako hivohivo na vitabu vyake.

Bibie_K:
Kweli kabisa hilo la mtoto. Na kwenye nguo nako usipunguze mpaka mwisho, zikiwa chache unafua kila mara na zinachakaa haraka. Viatu vya ngozi angalau jozi mbili za kupokezana, jasho likauke.

mzigo_mwepesi:
Asanteni sana wakuu. Basi mpango wangu ni huu, kwanza natoa mto, kisu, taa na boksi la barua, nanunua huduma ya kwanza, vilivyobaki naviacha kwenye maboksi na tarehe juu. Tivii sijui bado, mwenzangu ndo alikuwa anaiangalia kwa hiyo nitamuuliza.

boksi_la_chini:
Muulize kabla hujaamua mkuu. Na waya zake zifungie pamoja nayo, zikipotelea boksi lingine utanunua mpya.