Mazoezi mafupi ya viungo katikati ya kipindi: yanasaidia kujifunza au yanapoteza muda?

Mwalimu wa Darasa la Nne, Ujiji, aliuliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na poleni na kazi walimu wenzangu. Ninafundisha Hisabati Darasa la Nne hapa Ujiji, na ratiba imenipangia vipindi viwili mfululizo jua likiwa linaelekea utosini, yaani dakika 80 ambazo wanafunzi wanazipitia wakiwa wameketi watatu watatu, na pengine wanne, kwenye dawati moja. Ifikapo Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, bati la paa huwa limeshika moto, na katikati ya muda huo naona dalili zilezile kila siku: mmoja amelaza kichwa juu ya daftari, mwingine anachonga penseli ambayo tayari imechongoka, na wa nyuma wameanza kusukumana kwa viwiko. Nikiuliza swali, wanaonyoosha mikono ni walewale wa mbele.

Nimesoma kwamba mazoezi ya dakika chache katikati ya kipindi huwarudishia watoto usikivu, nami ningependa kuanza. Kinachonitia shaka ni nafasi, kwa maana kati ya dawati na dawati ninapita kwa ubavu, na pia kelele, kwa sababu ukuta unaotutenganisha na darasa la jirani haufiki darini. Tena baadhi ya wenzangu wanaamini kwamba mwalimu anayewasimamisha watoto wajinyooshe ameishiwa na somo. Naomba mwenye uzoefu anieleze namna ya kulifanya jambo hili likaleta faida.

Mwalimu mstaafu, Tabora, alijibu:

Marahaba, mwalimu. Swali lako ni la msingi, na nitaanza na hilo la nafasi kwa kuwa ndilo linalowakatisha tamaa wengi. Kinachovuruga darasa ni safari ya kutoka kwenye dawati na kurudi, hasa kwa mtoto anayekaa katikati, ambaye hawezi kutoka mpaka wa pembeni atoke kwanza na hawezi kurudi bila kumkanyaga mtu. Kwa hiyo usiwatoe. Kila unapoingia darasani wanasimama palepale walipo ili wakuamkie, na nafasi inayowatosha kwa salamu inawatosha pia kwa mazoezi: kunyoosha mikono juu, kugeuza mabega kulia na kushoto, kupandisha goti moja baada ya jingine, kuchuchumaa kidogo na kuinuka. Kuruka uache kabisa. Sakafu zetu nyingi zimebanduka saruji, na watoto wengi wakiruka kwa pamoja vumbi linalotimka litawakohoza hadi mwisho wa kipindi, licha ya kishindo kitakachomfikia jirani yako.

Jambo la pili ndilo ninalolipa uzito zaidi. Kabla hujawafundisha zoezi lolote, wafundishe ishara ya kurudi, na siku za mwanzo wafanye ishara hiyo peke yake. Mimi nilitumia makofi: mwalimu anapiga mpigo, darasa linaujibu, unapiga tena kwa vidole vinne, wanajibu kwa vidole vinne, mara ya tatu kidole kimoja juu ya kiganja, sauti inafifia yenyewe, na wanaketi mikono ikiwa juu ya dawati. Wakati huo swali la kuendelea nalo liwe limekwisha andikwa ubaoni. Ukiwaketisha halafu ukawapa mgongo ili uandike, utulivu wote ulioupata utapotea kabla chaki haijafika mwisho wa mstari.

Mwalimu wa Hisabati, Urambo, aliongeza:

Ninakubaliana na mzee wetu, nami naongeza kwamba kwa somo lako mazoezi yanaweza kubeba Hisabati yenyewe. Ukiwa kwenye jedwali la sita, taja namba mojamoja: inayogawanyika kwa sita bila baki wanainuka juu ya vidole vya miguu na kunyoosha mikono, isiyogawanyika wanachuchumaa. Ukitaja 42 kisha 44, utaona mara moja nani ameelewa na nani anamtazama jirani kabla ya kutikisika, jambo ambalo madaftari yasingekuonyesha mpaka jioni unaposahihisha. Kwa jometri, mikono yao miwili inatosha kuonyesha pembe mraba, pembe kali na pembe butu, ingawa wanaobanana sana watalazimika kuionyesha mbele ya kifua badala ya pembeni.

Hata hivyo, nisingependa kila pumziko ligeuzwe kuwa jaribio. Mtoto aliyekosa majibu tangu asubuhi naye anahitaji dakika ambayo hapimwi chochote, ajinyooshe tu kama wenzake. Mimi ninabadilisha: leo namba, kesho viungo peke yake.

Mkufunzi wa chuo cha ualimu, Kigoma, aliandika:

Kwa wenzako wenye mashaka, unaweza kuwaeleza yaliyokwisha chunguzwa. Mwaka 2006 Matthew Mahar na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika shule moja ya msingi ya North Carolina, Marekani, ambako madarasa yalipewa mazoezi ya kama dakika 10 kwa siku humohumo darasani, na muda ambao wanafunzi walikuwa wakishughulika na kazi waliyopewa uliongezeka kwa takriban asilimia 8, huku ongezeko likiwa kubwa zaidi kwa wale waliokuwa wazito kutulia. Mwaka 2014 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba hata dakika 4 za mazoezi ya nguvu zilipunguza utovu wa usikivu kwa watoto wa darasa la pili na la nne. Lakini tuseme ukweli wote: kuhusu alama za mitihani, matokeo ya tafiti mbalimbali yanatofautiana. Usiwaahidi wenzako ufaulu. Waahidi usikivu, kisha ufaulu uufanyie kazi kwa ufundishaji.

Vilevile mazoezi haya hayachukui nafasi ya kipindi cha michezo wala ya mapumziko ya nje. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za mwili zenye nguvu ya wastani au zaidi, na dakika zako chache ni sehemu ndogo tu ya hizo. Nakushauri pia uyaandike katika andalio la somo, kwenye hatua yake na muda wake, ili mwalimu mkuu au mthibiti ubora akiingia aone kwamba yamepangwa.

Nakusihi uwaangalie kwa makini watoto wa aina mbili. Aliyekuja bila kula chochote hafai kusukumwa kwa mazoezi ya kasi. Mwendo wa taratibu unamtosha. Na kama darasani yumo mwenye ulemavu wa miguu, chagua mazoezi ya mikono na mabega ambayo darasa zima litayafanya likiwa limeketi, maana kumwacha awatazame wenzake ni kumtenga mbele ya macho ya wote.

Mwalimu wa Darasa la Nne, Ujiji, aliuliza tena:

Ninawashukuru sana. Limebaki moja: niyafanye kwa dakika maalumu, au nisubiri nione wamechoka?

Mwalimu mstaafu, Tabora, alijibu:

Yafanye kwa dakika maalumu, mwalimu, na iwe kabla uchovu haujaonekana. Kwa vipindi vyako viwili, chagua dakika ya 40, pale kimoja kinapoishia na kingine kinapoanza, na siku za joto kali ongeza pumziko fupi karibu na dakika ya 60. Ukisubiri mpaka waanze kusukumana ndipo uwasimamishe, baada ya wiki chache watakuwa wamejua kwamba fujo ndiyo inayoleta mazoezi, nao wataileta mapema. Na siku ambayo wamezama katika kazi kiasi kwamba dakika ya 40 inapita bila mtu kuinua kichwa, waache wamalize swali walilo nalo kwanza.