Nina 47, fegi miaka 25, nikiacha sasa kuna faida au ndo nishachelewa?

Kifua47: Wakuu habarini. Sikohoi wala nini ila siku hizi ngazi za ghorofa mbili tu nafika juu nahema kama nimekimbizwa. Nilikuwa namaliza pakiti kwa siku, sasa nimeshuka mpaka nne. Washkaji wanasema mapafu yakiharibika yameharibika so niendelee tu na hizo nne. Mnasemaje?

Mama_Spirometa: Washkaji wamepatia nusu. Kilichokwenda hakirudi kweli, ila kaka we angalia spidi ya kushuka. Mapafu ya kila mtu yanafika kileleni kwenye ishirini na kitu halafu yanashuka mdogo mdogo hata kama hujawahi kugusa sigara. Kuna utafiti wa miaka ya 80 Marekani na Canada, walichukua wavutaji karibu 5,900 wa miaka 35 hadi 60 ambao mapafu yalishaanza kubana, wakaja kuwapima tena baada ya miaka 11, wanaume walioendelea walikuwa wanapoteza kama mililita 66 kila mwaka kwenye ile pumzi ya sekunde ya kwanza unapopuliza, walioacha moja kwa moja kama 30 tu. Zidisha mara 11 uone. Na hizo nne zisikudanganye, hata wanaovuta chini ya tano kwa siku wanashuka haraka kuliko wasiovuta.

mzee_wa_kona: Babu yangu kavuta mpaka 88, hata mafua hakujua. Acheni kutishana

Bwege_Mstaafu: @mzee_wa_kona babu yako unamsimulia kwa sababu alibaki, waliokufa na 58 nani anawataja? Madaktari wanaume wa Uingereza walifuatiliwa kuanzia 1951 kwa miaka 50, wavutaji waliondoka kama miaka 10 mapema. Aliyeacha na 50 aliokoa kama 6, na 40 kama 9. Kifua47 uko katikati hapo, piga hesabu. Wavutaji wanapungua kweli, mwaka 2000 duniani mtu mzima 1 kati ya 3 alitumia tumbaku, 2022 ikawa 1 kati ya 5, ila sisi wa rika hili tulianza enzi watu wanavuta mpaka ndani ya ndege, deni tunalo kifuani.

Mi niliacha na 51. Ngazi bado nahema lol, ila zilezile za mwaka ule, hazijaongezeka.

Kifua47: Asanteni, dada hiyo ya mililita imeniingia. Wiki hii naenda kupima mapafu kwa kupuliza. Kwenye pakiti zimebaki mbili, sijazitupa bado, nisiwadanganye.