Mrejesho: Salaita, Taveta na kimanga

Wadau, niliuliza humu jinsi ya kutoka Voi kwenda kuona maeneo ya Vita Kuu ya Kwanza, na mahali pa kula. Nimerudi, asanteni sana!

Ushauri wa kupanda matatu ya Taveta alfajiri na kutafuta kijana mwenyeji ulinifaa. Salaita ni kilima kidogo chenye miiba, lakini ukisimama juu na kuitazama tambarare ile isiyo na pa kujificha, unaelewa kwa nini wanajeshi wa Afrika Kusini, waliokuwa upande wa Waingereza, walirudishwa nyuma na Wajerumani Februari 12, 1916. Makaburi ya wanajeshi mjini Taveta nayo yametunzwa vizuri.

Maktau, eneo lingine la vita hiyo njiani kurudi Voi, sikushuka, jua lilishazama. Kimanga nilikikosa Taveta, nikakipata Voi: muhogo uliopondwa na maharage, bado moto. Ndizi nunueni sokoni Taveta.