Fuksia inanyauka mchana ilhali udongo wake ni mbichi: naomba ushauri

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Mimi ni mkaazi wa Tudor, kisiwani Mombasa, na shemeji yangu ameniletea miche miwili ya maua ya fuksia kutoka Limuru, kule bara kwenye baridi. Mmoja una maua makubwa ya kuning'inia, mekundu kwa nje na ya zambarau kwa ndani. Wa pili una maua membamba marefu yenye wekundu wa chungwa, na majani yake kwa upande wa chini ni rangi ya damu ya mzee. Tangu joto la kaskazi lishike, ule wa kwanza hulala kila ifikapo saa sita mchana na vitumba vyake huanguka kabla ya kuchanua, ingawa nikiuchokoa udongo kwa kidole naukuta bado una unyevu. Vyungu viko barazani, upande unaopata jua la alasiri, na maji ninayotumia ni ya kisima. Je, niongeze maji?

Mtunza Bustani wa Kizingo:
Wa alaikum salaam, dada yangu. Tafadhali usiongeze hata kata moja. Jani linaponyauka ilhali udongo ni mbichi, tatizo ni joto: majani hupoteza maji upesi kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha, na ukimimina mengine mizizi itakosa hewa, itaoza, kisha mmea utanyauka zaidi na wewe utadhani una kiu. Aina nyingi za fuksia ni za misitu ya milimani ya Amerika ya Kati na Kusini, penye ukungu na ubaridi, nasi huku Februari na Machi joto la mchana hupita nyuzi 30 na usiku haupoi vya kutosha. Ihamishie leo upande wa mashariki, ipate jua la asubuhi peke yake, na uitie katika chungu cha udongo kisichopakwa rangi, ambacho kitaipoza mizizi kama mtungi unavyopoza maji ya kunywa.

Bibi wa Likoni:
Kuhusu chungu cha udongo sikubaliani sana na ndugu aliyetangulia, maana kwa maji ya kisima chungu hicho hukusanya chumvi kwenye kuta zake. Kisiwa chetu kimekaa juu ya matumbawe, kwa hiyo maji ya visima vingi yana chokaa na chumvi, ilhali fuksia hupenda udongo wenye asidi kidogo. Mwanangu, kinga maji ya mvua kwa pipa masika yakianza. Ukichanganya udongo, tia usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, na samadi iliyooza vizuri, lakini usumba uoshe kwanza mara kadhaa kwa maji baridi, kwani mara nyingi huwa na chumvi.

Mpenda Maua, Nyali:
Huo mche wa pili, kwa jinsi ulivyoueleza, unafanana na jamii ya fuksia iitwayo triphylla, ambayo huvumilia joto kuliko nyingine. Ndiyo fuksia ya kwanza kuelezwa na wanasayansi: Charles Plumier, Mfaransa, aliikuta katika kisiwa cha Hispaniola huko Karibea, akaipa jina la Leonhart Fuchs, tabibu na mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1703. Weka nguvu zako kwa huo. Bana ncha za matawi kwa vidole uziondoe, kwa sababu maua hutoka kwenye machipukizi mapya, na kusi ikishapoza hewa, mwezi wa Juni au Julai, kata vipandikizi vya sentimita 8 hadi 10 visivyo na vitumba. Kagua pia chini ya majani, kwani utitiri, vile vidudu vidogo sana vinavyofyonza majani, hupenda joto kavu. Ule wa kwanza, kwa maoni yangu, urudishwe Limuru ungali hai.

Muulizaji wa Tudor:
Ahsanteni sana. Upande wa mashariki nina mwembe mkubwa. Je, naweza kuvitundika vyungu chini yake?

Mtunza Bustani wa Kizingo:
Kivuli chake kinafaa, ila tazama kwanza kama majani ya mwembe yananata. Yakinata, yana wadudu wanaodondosha utamu unaoleta ukungu mweusi, na hapo ni bora uezeke kibanda kidogo cha makuti pembeni.