Vimbe tatu kwenye kizazi, wifi anasema ni za sindano. Naombeni ushauri

BintiMasasi: Habari za jioni wadau. Nina miaka 34, sijabahatika mtoto. Tangu msimu wa korosho uanze siku zangu zikija ni balaa, siku nane mpaka tisa, damu inatoka na mabonge, juzi tupo mnadani nainuka kutoka kwenye kiti cha plastiki nageuka naona doa, nikajifunga kanga ya pili nikaondoka kinyumenyume kama naaga mfalme, chekeni tu. Nikapiga altrasaundi wakakuta faibroidi tatu, kubwa ina sentimita 6. Daktari kasema "hiyo kawaida" akaita mgonjwa mwingine. Kawaida vipi? Wifi anasema ni zile sindano za uzazi wa mpango, mama mkwe ananitazama kama vile nilitoa mimba. Nimekosea wapi mimi?

Mzee wa Shangani: Pole dada. Mke wangu alikuwa nazo, acha maneno ya wifi.

NesiMstaafu: Mwanangu hujakosea kitu. Ni kweli zinawapata wengi mno, kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2003, waliwapima wanawake kwa altrasaundi wakaona wakifika miaka 50 weusi zaidi ya 80 kwa 100 wanazo, weupe karibu 70, na wengi hata hawajijui maana haziwaumi. Sisi weusi zinatuanza mapema na zinakua kubwa. Kinachoongeza ni damu ya ukoo (mama au dada akiwa nazo), kuvunja ungo mapema, kutozaa, unene, presha, na miaka hiyo ya 30 na 40 ndo yenyewe. Ukikoma hedhi zinasinyaa. Sindano hapana, tena waliochoma Depo (ndo hiyo sindano ya uzazi wa mpango) wameonekana kuzipata kidogo zaidi. Na kutoka faibroidi kwenda kansa ni nadra sana, haifiki mmoja kwa elfu.

Chuma_Ulete: Mi naona aende Newala kuna bibi anachimba mizizi

NesiMstaafu: Mizizi haiyeyushi uvimbe we kijana. Dada, ulipimwa wingi wa damu?

BintiMasasi: Hapana mama. Ila nikipanda ngazi moyo unadunda, nikadhani uchovu wa shamba.

NesiMstaafu: Basi anza na hiyo, ikiwa chini ya 12 (gramu kwa desilita) umepungukiwa damu, mwambie daktari akupe vidonge vya madini ya chuma na dawa ya kupunguza hiyo damu inayotoka kwenye siku zako. Halafu omba rufaa ya daktari wa wanawake, hospitali ya Ligula au ile ya Mitengo kule Mtwara, umwambie unataka kuzaa. Mwenye nia ya kuzaa hutolewa vimbe tu kizazi kikabaki, na si kila mtu anahitaji kisu. Kwenu hakuna aliyewahi kuwa nazo?

BintiMasasi: Nilikua najua hakuna. Nimempigia mama Nachingwea sasa hivi. Kumbe ile operesheni ya 2005 tuliyoambiwa ni apendiksi alitolewa kizazi.