Waandaaji wa filamu, mnanunua mchezo wa jukwaani kwa sababu ya nyimbo, halafu nyimbo zenyewe mnazionea haya!

#1

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko. Mwenye sifa za kuwamwagia waandaaji afungue wake.

Kila mchezo wa nyimbo ukitolewa jukwaani kupelekwa kwenye sinema ukaanguka, tunaletewa kisingizio kilekile: watazamaji wa siku hizi hawapendi watu wanaoimba ovyo. Uongo mtupu. Chicago ya 2002 ilizoa Oscar 6, ya filamu bora ikiwemo. Mamma Mia! ya 2008 iliingiza zaidi ya dola milioni 600. Watazamaji wapo. Wenye haya ni waandaaji. Angalieni trela za Wonka ya 2023 na Mean Girls ya 2024, nyimbo zimefichwa kana kwamba ni madeni. Mtu anakaa kwenye kiti, dakika chache mwigizaji anapasua sauti, anabaki kutazamana na jirani yake.

Haya hiyo haiishii kwenye trela, inaingia mpaka kwenye filamu. Jukwaani kila aliyekaa ukumbini ameshakubali kudanganywa. Ubao uliochorwa dirisha ni nyumba, okestra iko shimoni pale mbele, kwa hiyo mtu akianza kuimba hashangai yeyote. Kamera haina makubaliano hayo. Inaonyesha barabara ya kweli na mvua ya kweli, kwa hiyo wimbo ukianza hapo mtazamaji anajiuliza muziki umetoka wapi. Swali hilo lazima lijibiwe kwa picha, tena mapema.

Waliojua kazi walilijibu. Mwongozaji Bob Fosse, kwenye Cabaret ya 1972, alitupa nyimbo nyingi za mchezo na kubakiza zinazoimbwa ndani ya klabu, pamoja na mmoja wa bustani ya bia, ambao nao wahusika wanauimba kweli mbele ya wenzao. Filamu ikazoa Oscar 8. Chicago iliziweka nyimbo kichwani mwa mhusika mkuu, Roxie, basi kila anachokitazama kinageuka onyesho. West Side Story ya 1961 ilianza na jiji kutoka angani, ikashuka kwa vijana wanaopiga vidole, hatua zao zikageuka ngoma kidogo kidogo kabla hata neno moja halijaimbwa. Njia tatu tofauti, na zote zinafanya kazi. Siku hizi unaonyeshwa mtu anafua nguo, kisha anaimba, kisha anaendelea kufua. Jibu hakuna.

Kibaya zaidi ni kugeuza yaliyoimbwa kuwa maongezi ili "iwe ya kawaida". Rent ya 2005 ilifanyiwa hivyo. Jukwaani karibu mchezo mzima unaimbwa, kwa hiyo wimbo mkubwa unapanda kutoka kwenye sauti ambayo tayari iko juu. Ukiikata sauti hiyo ya katikati, kila wimbo unalazimika kuruka kutoka chini, na mistari iliyotungwa kwa vina inabaki inasemwa kama shairi lililopotea njia.

Tuje kwenye muda, maana hapa ndipo wengi hawaangalii kabisa. Wimbo mkubwa wa jukwaani hufungwa kwa pigo moja zito, mwimbaji anaganda, makofi yanajaza ukumbi. Mtunzi aliyaandikia makofi hayo nafasi. Kwenye filamu makofi hayapo, kwa hiyo mwigizaji anaganda akitazama hewa na kimya kinaua kila kitu alichojenga. Dawa inajulikana: kata kwenda shoti inayofuata kabla ya pigo la mwisho, au acha mlio wake ufifie chini ya maongezi ya tukio jipya. Vilevile kuna vipande vya muziki vilivyotungwa ili tu mafundi wapate muda wa kubadilisha mandhari gizani. Kamera hubadilisha mandhari kwa mkato mmoja. Mbona mnavibakiza?

Na mapumziko ya katikati ya onyesho je? Into the Woods imejengwa juu yake: sehemu ya kwanza inaisha kila mtu amepata alichotaka, watu wanatoka, wanarudi, furaha yote inabomoka. Filamu ya 2014 haina mapumziko, basi inaonekana imeisha, halafu inaanza upya. Wicked walikwepa mtego huo kwa kuigawa mbili, ila sehemu ya kwanza peke yake, ya 2024, ina dakika 160, karibu sawa na mchezo wote. Huko nako ni kukopa muda usio na tukio.

Sauti sasa. Mnarekodi nyimbo studio wiki kadhaa kabla, mwimbaji amesimama wima na pumzi tele, kisha kwenye picha anapanda ngazi mbio akitoa sauti ileile iliyotulia. Filamu inakwenda fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde, fremu moja ni kama milisekunde 42. Mdomo ukichelewa fremu mbili tatu jicho linakamata. Hata ukienda sawa, koo lisilofanya kazi linaonekana. Kama ni pleibeki, yaani mwigizaji anafuatisha mdomo wimbo uliokwisha rekodiwa, rekodini baada ya mazoezi ya mwili, na siku ya kupiga picha mwigizaji aimbe kwa sauti kamili hata kama sauti hiyo haitatumika.

Les Misérables ya 2012 ilipita njia nyingine: waigizaji waliimba palepale, wakisikia piano kupitia kifaa kidogo sikioni, okestra ikaongezwa baadaye. Faida yake ni kubwa, mwigizaji anashika kimya chake mwenyewe. Anne Hathaway alipata Oscar kwa wimbo ulioonyeshwa karibu wote kwa mkupuo mmoja, yaani kamera bila kukatwa. Hasara ni kwamba kila mkupuo una mwendo wake, kwa hiyo vipande vya mikupuo tofauti haviungani kirahisi. Unahitaji kamera kadhaa kwa pamoja, la sivyo unabanwa kwenye uso mmoja ubeti baada ya ubeti.

Uso wenyewe ni shida. Jukwaani unaigizia mtu wa kiti cha mwisho. Dear Evan Hansen ya 2021 ilimchukua Ben Platt, nyota wa mchezo wenyewe jukwaani, miaka kama 27, kuwa mwanafunzi wa sekondari. Kutoka mbali alikubalika vizuri kabisa. Kamera ikimkaribia, haikubaliki. Cats ya 2019 ndiyo sitaki hata kuianza: manyoya ya kompyuta kwenye miili ya watu, na nakala iliyorekebishwa ikatumwa kumbini filamu ikiwa tayari inaonyeshwa.

Halafu ule wimbo mpya wa kuombea tuzo! Kanuni za Oscar zinataka wimbo uliotungwa kwa ajili ya filamu, basi unachomekwa. Evita ya 1996 walishinda kwa huo. Les Misérables nao wakachomeka wao. Wimbo wa zamani unakatwa "kuokoa muda", mpya unapewa dakika tatu.

#2

Mkuu, si wapige picha onyesho lenyewe tu? Wa mchezo wa nyimbo wa Hamilton walifanya hivyo wakamaliza kazi.

#3 (mwanzisha uzi)

Hamilton ilirekodiwa 2016 ikatoka 2020, kwenye maonyesho yenye watu, na picha za karibu zikapigwa ukumbi ukiwa mtupu. Makofi na vicheko vimebaki, ndiyo maana muda wake haukuharibika. Hicho ni kitu kingine, hakijidai kuwa filamu.

#4

Naongezea. The Producers ya 2005 ilikuwa na mwongozaji yuleyule wa jukwaani, Susan Stroman, na nyota wawili walewale. Waigizaji wanaachia nafasi za vicheko vya watu ambao hawapo. Sentensi inatupwa, kimya, nyingine inatupwa, kimya. Ukitoa onyesho ukumbini, vicheko ulivyovizoea lazima uvikate mezani kwa mhariri, kimoja kimoja.

#5 (mwanzisha uzi)

Hapo umenena. Na kabla ya hata kuajiri mhariri, chukueni muswada, funikeni wimbo kwa karatasi, someni tukio la kabla na la baada. Hadithi ikiungana bila pengo, wimbo huo utalala kwenye skrini. Ama mpeni mhusika jambo la kuamua humo ndani, ama utoeni. Ila mkishaubakiza, uwekeni kwenye trela.