Kamati ya Picha, Kongamano la Akina Mama 📷

*Jumanne, baada ya Isha*

Bi Mwanaisha: Assalamu alaykum warahmatullah. Nimefungua grupu hili kando ili lile kubwa lisituchanganye na matangazo ya vyombo vilivyopotea. Kongamano ni Jumapili ijayo in sha Allah. Jikoni kuna watu, mapambo yana watu, picha hazina mwenyewe. Twataka kujua nani atapiga, atapiga nini, na zikishapigwa zitakaa wapi. Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi.

Mama Swaleh (mweka hazina): Waalaykum salaam Bi. Picha mbona rahisi. Swaleh ana kamera na sasa kanunua droni. Atakuja bure, nishamwambia 😊

Mwalimu Rukia: Mama Swaleh.

Mama Swaleh: Naam mwalimu

Mwalimu Rukia: Kongamano la *akina mama*.

Mama Swaleh: Si yeye atakaa nje, itakayoingia ni droni

Mama Khadija Likoni: 😂😂😂 wallahi viazi vyangu vimeungua kwa kucheka

Da Zulekha: Droni hapa Kenya hairushwi hivi hivi, yataka usajili na idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga. Na uani ndiko watu watakakopumzika wamevua mabuibui. Mwambie Swaleh twamshukuru, aje Jumamosi atusaidie kupanga viti.

Mama Swaleh: Haya. Viti atabeba.

Nuru: Assalamu alaykum. Shangazi niwie radhi, ndio natoka kwenye harusi, nimesoma yote. Mimi nitapiga. Nina rafiki wa Kisauni mwenye kamera yake, na yuko Asma, msichana wa chuo, bado ajifunza lakini mkono wake mtulivu. Wote wanawake. Watatu twatosha kwa ukumbi ule, tukizidi tutaanza kupigana picha wenyewe.

Bi Mwanaisha: Allah akujaze kheri. Mwatoza ngapi?

Nuru: Shangazi, ni kujitolea.

Bi Mwanaisha: Kujitolea ni kuacha ujira, si kutoa nauli mfukoni mwako. Mama Swaleh, andika nauli ya watu watatu, kwenda na kurudi. Na chakula chao kiwekwe kando kabla ya kupakuliwa. Mpiga picha huwa amesimama wakati wenziwe wanakula, akigeuka amebakiwa na ukoko.

Mama Khadija Likoni: Na mimi wa Likoni? Feri kwa miguu ni bure lakini tuktuk si bure

Mama Swaleh: Kwani wewe wapiga picha?

Mama Khadija Likoni: Najitolea kupigwa 💅

Da Zulekha: Kuna la simu. Kamera tatu tutazijua zilipo, lakini kila atakayeingia ana kamera kwenye mkoba. Mtu ataweka stetasi kabla mhadhara wa kwanza haujaisha, na nyuma yake yuko mke wa mtu aliyeinua nikabu anywe maji.

Mama Swaleh: Tufanye kama siku ya kupamba, simu zote zishikwe mlangoni.

Nuru: Harusini yawezekana kwa sababu ni saa chache za usiku. Hapa watu watashinda. Mama ameacha mtoto nyumbani ana homa, utamnyang'anya simu?

Mwalimu Rukia: Na nani atakayezirudisha? Nilishuhudia harusi moja watu walitoka saa nane usiku wakigombania simu zinazofanana. Sitaki tena.

Nuru: Mimi naona stika. Zile ndogo za duara za kubandikia bei madukani. Mlangoni kila simu yabandikwa mbili, kamera ya nyuma na ya mbele. Simu yaita, ujumbe waingia, picha hakuna. Anayebandua ataonekana abandua.

Da Zulekha: Nimelipenda hilo.

Mama Khadija Likoni: Mlango nipeni mimi. Hakuna atakayenipita.

Bi Mwanaisha: Hilo silitilii shaka.

Mama Khadija Likoni: ↪️ *Imesambazwa mara nyingi:* DUA YA KUONDOSHA DENI, tuma kwa watu 20 kabla ya Alfajiri…

Mwalimu Rukia: Mama Khadija, dua haina sharti la watu 20.

Mama Khadija Likoni: *Ujumbe huu umefutwa*

*Jumatano, asubuhi*

Da Zulekha: Sabalkheri. Nimewaza usiku. Wako watakaokubali kupigwa na wasiokubali. Wasiotaka tuwape utepe mwekundu wa mkononi, Nuru akiuona ampite.

Mwalimu Rukia: Kwa nini anayejisitiri ndiye abebe alama? Asili ni sitara. Anayetaka picha ndiye avae utepe.

Da Zulekha: Mwalimu, hapo umenipata.

Nuru: Utepe wowote ule sitauona 😅 Mikono iko ndani ya buibui. Nikiangalia kupitia lenzi naona mitandio mia, sina nafasi ya kutafuta nani ana kitambaa kwenye kiganja. Wagaweni kwa viti. Upande wa kushoto wote, tangu mbele hadi nyuma, usiwe na kamera, hata kwa bahati mbaya. Upande wa kulia ndio wa waliokubali. Aliyechelewa na hakuna aliyemuuliza, akae kushoto.

Mama Swaleh: Na mimi nikitaka kukaa na dada yangu na yeye hataki picha?

Nuru: Basi kaa naye kushoto, ukitaka picha njoo kwenye pazia la mapambo pale ukumbi wa nyuma. Asma atakuwa pale baada ya chakula, mmoja mmoja, kwa ombi lake mtu.

Bi Mwanaisha: Vizuri. Mwalimu, kuna watu watauliza hukumu ya picha yenyewe. Tuwajibu nini?

Mwalimu Rukia: Maulamaa wamehitilafiana, na hitilafu hiyo haitamalizwa na kamati ya watu saba kwenye simu. Anayeona haifai, upande wa kushoto ni wake kwa heshima zote. Asiambiwe ana msimamo mkali, na wa kulia asiambiwe hana haya.

Nuru: Na nikitaka kuonyesha umati, nitasimama nyuma: mitandio na jukwaa kule mbele. Halafu mikono yenye hina, misahafu, vitabu vya meza ya mauzo, sinia za halua. Sura hazihitajiki sana.

Bi Mwanaisha: Hapana Nuru. Hapo nakukatiza.

Bi Mwanaisha: Sitaki kongamano la migongo na viganja. Ingia ofisi ya madrasa yetu uangalie ukutani. Kuna picha ya mgeni rasmi akiweka jiwe la msingi, mfadhili akikata utepe, kamati ya wanaume imesimama safu mbili. Wanawake waliofundisha mle tangu mimi mdogo, waliouza mahamri ili bati linunuliwe, hakuna hata mmoja. Wajukuu watadhani madrasa ilijengwa na makoti. Anayekubali sura yake ibaki, ibaki. Swali ni ibaki wapi.

Mwalimu Rukia: Swadakta.

Mama Swaleh: Mbona hata mimi sijawahi kuliona hilo na kila mwezi naingia ofisini 🤔

Da Zulekha: Basi ziwe picha za aina mbili. Za hadhara: jukwaa, mabango, vitabu, umati kwa nyuma. Hizo ziende kokote. Na za ndani, za sura, zisitoke kwa wanawake.

Nuru: Za ndani hazitoki vipi, hapo ndipo kazi ilipo. Shida ya harusi zetu haiwi mpiga picha. Unamlipa mwanamke apige, halafu kadi ya kamera yapelekwa studio, na anayekaa kwenye kompyuta kusafisha picha ni kijana wa kiume. Ameiona harusi nzima kabla ya bwana harusi. Watu walinda mlango, hawaulizi kadi imelala wapi.

Mama Khadija Likoni: Subhanallah. Na mimi nililipa zaidi ili nipate mwanamke

Nuru: Ulipata mwanamke wa kubonyeza. Kwa hiyo kusafisha nitasafisha mimi, kwenye kompyuta yangu iliyozimwa intaneti. Hata kuchapisha nina printa ndogo, inchi 4 kwa 6. Karatasi na wino ndio ghali.

Mama Swaleh: Ghali kiasi gani, nijue kabla moyo haujasimama

Nuru: Tukichapisha chache haitufilisi. Albamu moja, si gunia.

Mama Swaleh: Na Asma asiye na kamera si atumie simu yake, ile yake nzuri sana.

Nuru: Asma nitampa kamera yangu ya zamani. Simu hapana. Simu yake hupandisha picha mtandaoni yenyewe, na akaunti hiyo hiyo iko kwenye tableti ya kwao nyumbani. Hajafika Majengo na kaka zake washaziona. Wala kufuta si kufuta: iPhone huiweka picha iliyofutwa kando siku 30, na ile hifadhi ya Google huweza kuikalisha kapuni hadi siku 60. Kadi ya kamera naitoa kwa mkono wangu, naiweka mfukoni mwangu.

Da Zulekha: Na humu ndani ya grupu zisitumwe. Simu zetu nusu zimeshikwa na watoto wa kiume wanaocheza gemu.

Mama Swaleh: Wanisema mimi

Da Zulekha: Nasema nusu.

Bi Mwanaisha: Za ndani ziwe kwenye flashi diski mbili. Moja kabati la madrasa ya wanawake, ufunguo kwa Mwalimu Rukia. Ya pili kwangu. Nuru akishakabidhi, afute zake. Anayetaka yake aje achukue iliyochapishwa, mkononi.

Nuru: Sawa Shangazi. Hata mimi nalala vizuri zisipokuwa kwangu.

*Jumatano, usiku*

Da Zulekha: Kuna watoto wa madrasa watakaosoma kasida. Hao nao wana sheria yao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka idhini ya mzazi, na imani ya mtu imehesabiwa ndani yake kuwa taarifa nyeti. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Na kilabu kimoja 1,850,000 kwa picha ya mteja mmoja tu.

Mama Swaleh: MILIONI NNE???

Mama Swaleh: Kamati ina elfu kumi na mbili na mia tatu

Mama Khadija Likoni: Uzeni droni 😂

Mwalimu Rukia: Fomu nimeandika. Someni: "Mimi ______ nakubali / sikubali kupigwa picha katika kongamano hili. Picha ya sura yangu itaonwa na wanawake tu. Nakubali / sikubali mwanangu apigwe akisoma kasida. Nakiri haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, bila kushurutishwa na yeyote. Nikibadili nia nitamwambia mwalimu na picha itaondolewa."

Bi Mwanaisha: Nzuri. Ondoa hiyo akili timamu na kushurutishwa, hatumuozi mtu.

Mama Khadija Likoni: 😂😂

Mwalimu Rukia: Imeondoka. Na kina bibi wasiosoma, wasomewe kwa sauti mpaka mwisho. Msimwambie "weka dole hapa tu bibi".

Asma: Assalamu alaykum, nimeongezwa na Da Nuru. Samahani kwa swali la kitoto. Nilijaribu ukumbini leo, picha nyingine zina mistari myeusi iliyolala. Kamera imeharibika?

Nuru: Haijaharibika. Ni zile taa ndefu. Stima yetu ni ya hatsi 50, kwa hivyo taa zile hupepesa mara 100 kwa sekunde hata kama jicho halioni. Ukipiga kwa kasi kubwa wakuta sehemu ya picha imepata mwanga na sehemu imekosa. Weka kasi ya 1/100 ya sekunde, usipande. ISO, ule wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iongeze; chenga kidogo kwenye picha si haramu.

Nuru: Na flashi usiwashe mtu akisoma Qur'ani au akiomba dua. Hata kama ndiyo picha bora ya siku. Wakati wa swala kamera zote chini.

Asma: Na vifaa nani atalinda tukiwa kwenye swala?

Mwalimu Rukia: Atakayekuwa na udhuru wa kutoswali siku hiyo. Hakosekani.

*Ijumaa, baada ya Alasiri*

Bi Mwanaisha: Nimenunua leso za wapiga picha, rangi ya manjano kali, zijifungwe juu ya buibui ili kila mtu awaone kutoka mbali na kamera zao. Doti mbili, vipande vinne. Watatu wenu, na cha nne cha Mama Khadija mlangoni.

Mama Khadija Likoni: 😭😭 mimi kumbe ni kamati kamili

Nuru: Shangazi, manjano itaonekana hata kwenye picha za umati…

Bi Mwanaisha: Itaonekana. Na nyinyi mlikuwepo.

Mama Swaleh: Hesabu: nauli za watatu tayari, stika nimenunua, karatasi za picha na wino nimelipa, risiti zote ziko kwenye bahasha. Imebaki michango ya watu wawili humu ndani. Sitaji majina, wenyewe wanajijua.

Da Zulekha: Wangu nimetuma sasa hivi.

Mama Swaleh: Umeingia, shukran. Basi ni mmoja.

Mama Khadija Likoni: Jamani chaji yangu imebaki moja, tuonane Jumapili